Injini Ndogo na Sauti ya Kuazima

Wahenga walisema kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Walisema hivyo kwa kumkejeli mtu wa maneno mengi na matendo haba, na kejeli hiyo imetutosha kwa miaka mingi. Lakini zama zetu zimezua debe la namna nyingine, ambalo wahenga hawakupata kulifikiria: debe dogo lililojaa, lenye kitu cha haja ndani yake, ambalo kwa kuwa limejaa halivumi, na mwenyewe akaona haya kwa kimya chake, akalifungia ngoma ubavuni ili watu wausikie mvumo. Debe ninalolizungumzia ni gari. Na swali ninalotaka kulijadili na wasomaji wa kurasa hizi ni hili: sauti iliyotengenezwa, isiyotoka kwa kile kinachodaiwa kuitoa, je, ni uongo? Na kama ni uongo, unamdhuru nani?

Huenda msomaji akastaajabu. Jarida la mashairi lina nini na magari ya Kimarekani? Jibu langu ni kwamba sisi tunaoshughulika na mashairi tumekabidhiwa amana ya sauti. Kazi yetu ni kupima iwapo neno limetoka kifuani au limeokotwa njiani, iwapo kina kimekuja chenyewe au kimeburutwa kwa kamba. Mtu aliyezoea kazi hiyo hawezi kuambiwa kwamba kuna injini inayonguruma kwa spika, kisha akapita kama hakusikia. Mimi sikusomea uhandisi darasani, kama ambavyo sikusomea ushairi wala tafsiri. Yote nimeyadurusu mwenyewe, kwa vitabu na kwa kuwauliza wajuao. Basi na tuanze na gari lenyewe, kisha tuje kwenye hukumu.

Gari hilo ni Mustang, la kampuni ya Ford, lenye jina la farasi mwitu wa nyika za Amerika. Lilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964 katika Maonesho ya Dunia ya New York, kwa bei iliyoanzia dola 2,368, na katika miezi kumi na miwili ya mwanzo yaliuzwa zaidi ya magari 400,000. Siri ya mafanikio hayo haikuwa mbio. Chini ya umbo lile la kijana mtanashati mlikuwamo viungo vya Falcon, gari la kawaida la familia, na injini ya bei ya chini ilikuwa ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, yenye nguvu-farasi 101 tu. Aliyetaka zaidi aliongeza fedha akapewa V8, yaani silinda nane zilizopangwa safu mbili mfano wa herufi V. Hivyo tangu siku ya kwanza mnunuzi alipewa hiari: vazi moja, mioyo mbalimbali. Naomba msomaji alishike jambo hili, maana tutalirejea. Mwenye silinda sita wa mwaka 1964 alivaa vazi lile lile la mwenye nane, lakini alipowasha gari lake, injini ilisema kweli. Jirani aliyekuwa ndani ya nyumba yake, asiyeliona vazi, alijua kwa sikio ni moyo gani uliowashwa.

Sauti ya V8 ya Kimarekani ina sababu yake, na sababu hiyo itampendeza mtu wa mizani. Injini ya aina hii hukamilisha duru moja ya kazi kila shafti yake inapozunguka mara mbili, yaani nyuzi 720. Silinda nane zikigawana duru hiyo, kila baada ya nyuzi 90 hutokea pigo moja. Ukiyahesabu mapigo yote kwa pamoja, ni mizani iliyonyooka, isiyo na upungufu wala ziada. Lakini shafti yenyewe imekunjwa kwa umbo la msalaba, na kwa ajili ya umbo hilo mapigo hayapokezani sawasawa baina ya safu ya kulia na safu ya kushoto. Pana mahali safu moja hupiga mara mbili kwa haraka, kisha ikanyamaza kitambo. Ndani ya safu moja, nafasi baina ya pigo na pigo huwa nyuzi 90, kisha 180, kisha 270, kisha 180, halafu duru ikaanza upya. Moshi unapotoka kwa bomba la kila safu, sikio hukusikia kule kusitasita, nako ndiko kunakoleta lile bubujiko zito ambalo mtu huligundua kabla hajaliona gari. Ni kama shairi ambalo ukilihesabu ubeti mzima mizani yake imetimia, ila vipande vyake havilingani, na uzuri wake ukawa katika kutolingana huko.

Kwamba umbo la ndani ndilo lenye kuamua sauti, Ford yenyewe imetupatia ushahidi. Katika toleo la mwaka 2016 la Mustang liitwalo Shelby GT350, kampuni iliweka V8 ya lita 5.2 yenye shafti bapa, isiyo na msalaba, ambayo mapigo yake hupokezana kulia na kushoto bila kusita. Ilikuwa na nguvu-farasi 526, nyingi kuliko V8 ya kawaida ya wakati huo. Lakini bubujiko lile halikuwamo. Sauti yake ilikuwa kali na nyembamba zaidi, karibu na ile ya magari ya mbio ya Italia. Silinda zilikuwa nane vile vile. Kilichobadilika ni mkunjo wa chuma kimoja ambacho hakuna mpita njia anayekiona, na sauti ikakifichua.

Ilikuwaje basi sauti ikatengana na injini? Hapana budi turudi nyuma kidogo. Mwaka 1970 Marekani ilipitisha sheria kali ya hewa safi. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilizuia mafuta yao yasiende Marekani, na watu waliozoea petroli ya bei rahisi wakajikuta wamepanga foleni vituoni. Mwaka 1975 ikaja sheria ya kuwalazimisha waundaji wa magari wapunguze wastani wa mafuta yanayotumiwa na magari yao. Mustang ya toleo la 1974 ilikuja ikiwa ndogo na haikuwa na V8 hata moja; mwaka uliofuata V8 ilirejea, lakini nguvu yake haikufika farasi 150. Waliolipenda gari hilo waliisoma miaka hiyo kama miaka ya aibu. Nadhani hapo ndipo mbegu ilipopandwa. Kiasi kiliingia kwa mlango wa dhiki, na kwa hiyo kikahesabiwa kuwa ni unyonge.

Miaka arubaini baadaye mafundi walikuwa wameshaitatua sehemu kubwa ya dhiki ile. Mustang ya toleo la 2015 iliuzwa kwa hiari ya injini tatu: V6 ya lita 3.7 yenye nguvu-farasi 300. V8 ya lita 5.0 yenye nguvu-farasi 435; na baina yao ikaingia injini ya silinda nne tu, ya lita 2.3, iliyopewa jina la EcoBoost, yenye nguvu-farasi 310. Nne ikaishinda sita. Ikaizidi zaidi ya mara mbili ile V8 ya mwaka 1975, ambayo kwa ukubwa wa silinda ilikuwa zaidi ya maradufu yake. Siri yake ni turbo, ambayo ni pangaboi ndogo inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe. Moshi ambao zamani ulitupwa nje na nguvu zake, sasa kabla ya kutoka hufanyishwa kazi: huzungusha pangaboi, nalo hushindilia hewa ndani ya silinda, na petroli ikapata hewa ya kutosha kuungua kwa nguvu. Ni ufundi unaostahili kusifiwa, kwani umeokoa kile kilichokuwa kikipotea.

Miaka mitatu baadaye, V6 ikaondolewa. Katika kizazi cha gari hili kilichoanza kuuzwa kwa toleo la 2024 mnunuzi alibakiwa na njia mbili: silinda nne zenye nguvu-farasi 315, au V8 ya lita 5.0 yenye 480 na kuendelea, hadi 500 katika lile liitwalo Dark Horse. Kwa vipimo vya serikali ya Marekani, la silinda nne hutumia takriban lita 9 za petroli kwa kilomita 100, na la V8 lenye gia za kujibadilisha takriban lita 13. Kila kilomita 100, pana lita nne baina ya hiari na hiari.

Lakini pangaboi lile lina tabia moja. Kwa kuwa limekaa katika njia ya moshi, hupunguza makali ya mapigo. Na silinda zenyewe ni nne. Injini ilipata nguvu, ikapungukiwa na sauti. Hapo wahandisi wakaleta dawa yao: katika Mustang ya silinda nne ya mwaka 2015, sauti ya injini iliongezwa ndani ya gari kwa kutumia spika zile zile za muziki, ikipanda na kushuka kwa kufuata mwendo wa injini. Ford haikuwa peke yake wala haikuwa ya kwanza. Kampuni ya BMW ya Ujerumani ilikwisha kufanya hivyo katika M5 yake miaka michache kabla. Januari 2015 gazeti la Washington Post lilipoliandika jambo hili, wengi walikasirika kana kwamba wamekuta maji katika maziwa waliyoyanunua. Wengine walicheka wakauliza: kwani kuna ubaya gani?

Nianze na hao waliocheka, maana hoja zao si nyepesi. Watasema kwamba hayo ni mapambo, na mapambo si uongo. Bibi harusi akipakwa hina, hakuna anayedai kwamba amezaliwa na maua mikononi. Watasema vile vile kwamba sauti kupitishwa katika chombo hakuifanyi kuwa ya uongo. Siti binti Saad aliporekodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928, santuri zikaletwa na kuchezwa Unguja, waliozisikia walimsikia Siti, ingawa mbele yao palikuwa na kisanduku na sindano tu. Kama santuri si uongo, spika ya gari ina kosa gani?

Hoja hizi nimezipima sana, kwa kuwa zinanigusa katika kazi yangu. Mfasiri naye ni spika. Mtu amesema jambo kwa lugha yake, nami nalisema kwa Kiswahili. Maneno ni yangu, kauli si yangu. Kinachonilinda nisiwe mwongo ni vitu viwili. Kwanza, juu ya jalada limeandikwa jina la mwenye kauli, na chini yake kwamba fulani amefasiri. Msomaji anajua anachokisoma. Pili, nimefungwa na asili. Mwandishi aliyesema kwa unyenyekevu sina ruhusa ya kumpa kishindo, hata kama kishindo kingeuza vitabu zaidi. Santuri ya Siti imetimiza masharti yote mawili: hakuna aliyedhani kwamba Siti yumo kisandukuni, na sauti iliyotoka ilikuwa imetoka kwake. Hina pia imeyatimiza, kwa kuwa inaonekana wazi kuwa ni hina.

Spika ya gari hutimiza nusu. Inafuata mwendo wa injini, kwa hiyo haikuzua kila kitu. Ni mfasiri mwenye asili mbele yake. Lakini ni mfasiri anayenenepesha, na hufanya kazi yake kwa siri. Hakuna taa kwenye dashibodi inayosema, "Sauti unayoisikia sasa imeongezwa." Ingewekwa taa hiyo, starehe ingekwisha. Na jambo ambalo starehe yake hukatika mara tu ukweli unapotajwa, haliwezi kuitwa pambo. Pambo hustahimili kutajwa.

Hata hivyo, si haki kuihukumu kila sauti ya kutengenezwa kwa hukumu moja. Hapa Kiswahili chetu cha mwambao kinatusaidia. Katika vichochoro vyetu, hamali mwenye mkokoteni hupaza sauti: "Habedari!" Sauti ile haitoki kwenye mkokoteni. Magurudumu hayakuisema, mtu ameiongeza. Lakini hakuna aliyewahi kumwita hamali mwongo, kwa sababu sauti yake ni kwa ajili ya yule aliye mbele, asije akaumia. Sasa tuitazame sheria ya Marekani. Magari ya umeme yalipoanza kuenea, vyama vya wasioona vililalamika kwamba gari lisilo na sauti ni hatari kwa mtu anayevuka njia kwa kutegemea masikio. Bunge likapitisha sheria iliyotiwa saini Januari 2011, na kanuni zake zikakamilika miaka michache baadaye: gari la umeme litoe sauti linapokwenda polepole, hadi kilomita 30 kwa saa. Ulaya nayo ikaweka kanuni kama hiyo kuanzia mwaka 2019. Sauti hiyo ni ya spika tupu. Injini ya kuifuata haimo kabisa. Lakini ni sauti njema kuliko zote ninazozijadili hapa, kwa kuwa ni habedari.

Mkabala na habedari kuna majigambo. Nayo tunayajua, ni utanzu wetu halali. Mtu hujitapa kwa sababu ana cha kujitapia, na wasikilizaji humpa haki yake. V8 inayobubujika njiani inajigamba, na mtu anaweza kuchukizwa na kelele zake, lakini hawezi kuikana kauli yake: kinachosemwa ndicho kilichomo. Kisha kuna sauti ya tatu, ambayo haimwambii aliye mbele ajihadhari, wala haijigambi mbele ya watu, kwa kuwa watu walio nje hawaisikii. Spika zimo ndani, zimemwelekea dereva. Ni sauti ambayo mtu ameinunua ili imsifu mwenyewe, peke yake, na madirisha yamefungwa.

Tofauti baina ya sauti hizi ilidhihirika kwa namna ya kuchekesha si muda mrefu uliopita. Kampuni ya Dodge iliacha kuunda Challenger yake ya V8 mwishoni mwa mwaka 2023, na baada yake ikaleta Charger Daytona inayotumia umeme. Kwa kuogopa kimya, iliitengenezea chombo cha kukuza sauti kilichofungwa nyuma ya gari, kiungurume kama V8, na kampuni ilipokitangaza mwaka 2022 ilijinadi kwamba kingefikia desibeli 126. Mwaka 2025 zaidi ya magari 8,000 ya aina hiyo yaliitwa warshani, kwa kuwa katika vikuza sauti vyake programu ilikosekana, yakawa hayatoi ile sauti ya kisheria ya kumwonya mpita njia. Gari lililofundishwa majigambo ya injini lisilokuwa nayo halikuwa limefundishwa kusema habedari.

Sasa nifike kwenye lile linalonishughulisha zaidi. Unafiki tunaoujua sote ni wa mtu mwovu aliyevaa sauti ya wema. Vitabu vya dini na vya hekima vimejaa maonyo juu yake, na masikio yetu yamezoea kumtambua. Lakini tazama gari la silinda nne lenye spika. Ndani yake mna kiasi: petroli imepunguzwa, moshi umefanyishwa kazi badala ya kutupwa, nguvu imepatikana bila ubadhirifu. Na juu ya kiasi hicho imetandazwa sauti ya ulafi. Huu ni unafiki uliopinduliwa. Mtu amefanya jambo la afadhali, kisha akajificha nyuma ya kishindo cha jambo baya kuliko hilo, kwa sababu anaona haya kuonekana mwema.

Atakuja mtu aniambie: "Wewe unatafuta lawama pasipo na dhambi. Kama ni lazima nichague, bora mwenye kiasi anayejidanganya, kuliko mkweli anayechoma lita 13." Hoja hii ni ya haki, na sitaki kuikwepa. Ukweli pekee haumfanyi mtu kuwa mwema. Mwenye V8 anasema kweli, lakini moshi wa kweli yake hauna pasi ya kusafiria. Unavuka bahari bila kuulizwa. Sisi watu wa visiwa, ambao bahari ikipanda hatuna bara la kurudi nyuma, hatuwezi kusema kwamba unyofu wa sauti yake unatutosha. Kwa hiyo, tukipima kitendo kwa kitendo, nakubali: silinda nne yenye sauti ya kuazima ni afadhali.

Ila vitendo havipimwi kimoja kimoja tu. Kitendo huishi kwa kurithiwa, na kinachorithiwa si kile kinachofanywa bali kile kinachosifiwa. Mtoto aliyeketi kiti cha nyuma haoni kipimo cha petroli. Anasikia mngurumo, na anauona uso wa baba yake unavyokunjuka unaposikika. Akikua, atatafuta mngurumo. Ataambiwa kwamba kile kidogo kilikuwa cha kuvumilia na kile kikubwa kilikuwa cha kutamani, na siku atakayokuwa na uwezo, au siku sheria itakapolegea, ataondoa kile cha kuvumilia. Hapo ndipo palipo na madhara ya uongo huu. Haumdhuru jirani leo. Unaufukia wema katika ardhi ya aibu, na mti uliopandwa katika aibu hauna mizizi.

Wala sisemi kwamba hamu ya sauti ile ni upuuzi. Yuko mtu ambaye bubujiko la V8 kwake ni sauti ya baba aliyekuwa akirudi kutoka kazini, na mwingine anakumbuka filamu ya mwaka 1968 iitwayo Bullitt, ambamo Steve McQueen aliendesha Mustang katika vilima vya San Francisco. Kumbukumbu ni haki ya kila mtu. Lakini kumbukumbu nayo ina adabu zake. Ukimpenda marehemu, unamtaja, unamwimba, unatunza picha yake ukutani; humvalishi mwanawe nguo za marehemu kila siku na kumkataza asizungumze kwa sauti yake mwenyewe. Injini ya silinda nne ina sauti yake. Ina mvumo wa chini na mluzi mwembamba wa pangaboi linaposhika kasi. Hakuna aliyeupa mluzi huo muda wa kuzoeleka, ili siku moja nao uwe ni sauti ya baba anayerudi.

Hapa wenzangu washairi wasidhani kwamba tumesalimika. Tunao ugonjwa wa spika katika mashairi yetu. Mtu ana jambo dogo, zuri, la kweli: amekumbuka harufu ya mkadi katika nyumba ambayo sasa haina mtu. Ni shairi la silinda nne, lenye nguvu yake ya kutosha. Lakini anaogopa kwamba litaonekana jepesi, basi analitafutia maneno ya kale ambayo hayatumii hata ndotoni, analijaza "ewe" na "lahaula" na bahari zichafukazo, mpaka likanguruma. Msomaji akilimaliza anajua kwamba amesikia kishindo, na harufu ya mkadi imepotea. Shairi kubwa lenye haki ya kunguruma linguruma. Lile dogo tuliache liseme kwa kimo chake.

Nimalizie kwa habari moja ya Mustang hiyo hiyo, ambayo mimi naiona kuwa bora kuliko idadi zote za farasi. Mhandisi mmoja mkuu wa Ford aliyekuwa na Shelby GT350 alikuwa akiondoka nyumbani na gari lake, likanguruma mtaani, na jirani akaita polisi. Badala ya kugombana na jirani, lile jambo lilimfanya afikiri. Katika Mustang ya toleo la 2018 kampuni ikaweka uwezo mpya: vali ndani ya mabomba ya moshi zinazofunguka na kufunga, na saa anayoweza kuipanga mwenyewe dereva, ili gari la V8 likiwashwa alfajiri liwake kwa sauti ya chini. Kwa vipimo vyao, mngurumo wa desibeli 82 hushuka hadi karibu 72, na tofauti ya desibeli kumi ni kama nusu ya sauti kwa sikio la binadamu. Nguvu haikupungua hata farasi mmoja. Hakuna kilichodanganywa, kwa kuwa kupunguza sauti si sawa na kuazima sauti. Injini imebaki na kauli yake, imeichelewesha tu hadi jirani aamke.

Wahenga walisema pia kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama. Kama chuma chenye nguvu-farasi 460 kimeweza kufundishwa kuinamisha sauti kwa ajili ya mtu aliyelala upande wa pili wa ukuta, sioni ni kwa nini mwenye silinda nne ashindwe kuendesha na sauti aliyopewa, akafungua dirisha, na watu wakaisikia.